Lita Moja Isiyoandikwa

Mama Kibonge aliamka na hasira ileile aliyolala nayo, akaibeba mpaka ziwani pamoja na ndoo, karatasi za kupimia mbolea majini na mfuko wa plastiki. Miezi minne nyuma, midomo ya bintiye mchanga ilibadilika ikawa ya buluu kwa maziwa ya kopo aliyomkorogea kwa maji ya kisima cha ufukweni. Siku sita za hospitali: mbolea ya mashambani, ikizama hadi majini, humnyima mtoto mchanga pumzi. Na aliyetia sahihi kwamba kisima kile ni salama ni bosi wake, ambaye maabara nzima humwita Miwani.

Leo kamati ya maji ilikuja kushuhudia kipimo, ili ikiridhika visima vingine sita vichimbwe.

"Mama Kibonge, mbona umenuna kama umelamba ndimu?" Miwani alimtania. "Wageni hawa!"

"Leo nitakukomesha, bosi."

Wageni wakaangua kicheko.

Kazi yenyewe haina makuu. Nusu pipa hukitwa kwenye tope la ziwa, mdomo chini, na kwenye tundu la juu hufungwa mfuko. Maji yanayochimbuka ardhini, ambayo ndiyo hayohayo ya visimani, hayana pa kwenda ila mfukoni. Mfuko mtupu hunata ukadanganya, kwa hiyo hutiwa kwanza lita moja ya maji ya ziwa. Lita hiyo sharti itolewe kwenye hesabu.

Mwaka jana, walipopimia kisima cha ufukweni, Miwani hakuitoa. Mama Kibonge, mimba ikiwa ya miezi saba, alimkumbusha. "Achana nayo, usiiandike. Itatuvuruga," alijibiwa. Akaogopea kibarua chake, akanyamaza.

Leo, saa mbili baada ya kuufunga mfuko, Mama Kibonge aliingia majini hadi kiunoni, akarudi na mfuko. Lita moja na robo. Miwani akachovya karatasi, akaiinua kama kombe.

"Mbolea ni miligramu ishirini tu kwa lita! Hatari huanzia hamsini. Jamani, tuchimbe!"

"Ngoja kwanza. Chovya na ziwani."

Akachovya. Sifuri.

"Sasa sikilizeni," alisema Mama Kibonge. "Lita nzima humo ni ya ziwa, niliitia mimi. Kilichotoka ardhini ni robo, na mbolea yote imo kwenye robo hiyo."

Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikokotoa kiganjani kwa kalamu. Akarudia. "Mia," alinong'ona. "Mungu wangu, wajukuu zangu wanayanywa maji haya."

Miwani alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Na mwaka jana nani aliyetia lita hiyo bila kuiandika? Daftari lina mwandiko wa nani?"

Mume wa Mama Kibonge alikuwa amemwonya asubuhi: ukimwaga mboga, mama, na sisi tutalala njaa. Lakini alimkumbuka bintiye akitafuta pumzi.

"Wangu. Wewe ulisema nisiandike, mimi nikatii. Mwenyekiti, tuandike sote wawili kwenye ripoti yako."

Wakaandikwa. Wote wawili walisimamishwa kazi palepale, kwenye matope.

Kisimani foleni ya akina mama ilikuwa ndefu. Mwenyekiti alitoa kufuli, na Mama Kibonge akaidaka kabla haijamfikia mlinzi wa kisima. Akamkabidhi Miwani mbele ya ndoo zote.

"Funga wewe, bosi. Na uwaambie kwa nini. Kwa sauti."