Watu Walicheka Boston

Kazi yangu ilikuwa kuvuta pazia. Mchezo wa kuigiza wa Lowell Prentiss, yule mwandishi wa riwaya, tuliujaribu kwanza Boston kabla ya kuupeleka New York. Mwisho kabisa mzee anakufa kitandani akimwita mkewe, na mke yuko jikoni, redio inapiga kelele, hasikii. Watu wakacheka mpaka machozi.

Lowell akatapika nyuma ya jukwaa. "Itoe hiyo, Gus! Baba yangu alikufa hivyohivyo."

Gus ndiye aliyetoa pesa za mchezo. "Nitoe kicheko pekee tulichopata? Una wazimu wewe? Mzee aite zaidi, na redio ipandishwe!"

"Mama atakuja New York. Hajui kama baba alimwita. Sijawahi kumwambia."

"Basi mpe kiti cha mbele, asikie vizuri."

Nilidhani Lowell atamzaba kofi. Wapi! Aliomba kalamu, akamwandikia mzee miito zaidi.

New York ukumbi mzima ulikufa kwa kicheko. Mama mtu akainuka, akashika njia ya mlangoni, anayumba. Lowell alikuwa kando yangu, anamwona.

"Mwandishi! Mwandishi!" watu wakaita, wakimtaka jukwaani.

"Mfuate mama yako, bwana," nikamwambia.

Akafunga vifungo vya koti. "Fungua pazia," akasema.