Mtu wa Tano wa Nyumba ya Cherehani

Fundi mawe alipiga simu saa tatu asubuhi na, kama kawaida yake, hakuanza na salamu.

"Bibi, jiwe lako limesimama uani kwangu kama mkwe asiyekaribishwa kiti. Majina yanakuja lini?"

"Ijumaa," alisema Karani.

"Ijumaa ipi? Maana Ijumaa zako nazo hazina idadi."

"Hii hii. Muda wa tangazo la majina gazetini unaisha Alhamisi. Asipotokea mtu wa kusahihisha, nakuletea orodha mwenyewe."

Watu waliendelea kumwita Karani ingawa alikwisha kustaafu miaka mingi. Alikuwa karani wa vizazi na vifo, aliyehamishiwa mji huu miaka miwili baada ya vita. Siku ya kwanza kazini alifungua daftari la vifo, akakuta hakuna hata mstari mmoja wa Jumanne ile. Askari walikuwa wameingia asubuhi, wakaua watu majumbani mwao mpaka saa nane mchana, na kitabu cha serikali kilikuwa cheupe pee. Alimuuliza mkubwa wake. Mkubwa akamwambia afunge kitabu hicho afungue kipya. Alikifunga. Lakini kila alipotoka kazini alianza kwenda mlango kwa mlango, kadi mfukoni, kuuliza nani alikufa na nani alimwona.

Hakuna aliyemfundisha kazi hiyo. Alijitungia kanuni moja akaishika: jina haliingii kwenye orodha mpaka lipate mashahidi wawili, wa nyumba mbili tofauti, ambao hawakukaa pamoja wakakumbushana. Jina la shahidi mmoja lililala kwenye droo ya chini, hata kama shahidi mwenyewe alikuwa mama mzazi. Wengine walimlaani kwa hilo. Alivumilia. Alijua kwamba jina moja la uongo likigunduliwa, wale waliokuwa wakisema Jumanne haikuwahi kutokea wangelitumia kuyafuta yote mia mbili na manne.

Yeye mwenyewe hakuwa na ndugu kwenye orodha hiyo. Ndiyo maana walimwamini, kwa kuwa hakuwa na wa kumpendelea. Lakini kila mwaka siku ya kumbukumbu ilipofika na watu wakasimama ukoo kwa ukoo, yeye alisimama pembeni na wapiga picha. Binti yake, aliyeolewa mbali, humtania kwenye simu: "Mama, hao watu wako hata likizo hawakupi?" Hucheka wote wawili. Kisha simu hukatwa, na chumba chake cha kazi nyuma ya maktaba, chenye meza moja na dirisha la juu, hurudia kimya chake.

Mtu alitokea Jumatano.

Alikuwa mwanamume wa miaka kama sitini, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alibisha hodi mara tatu ingawa mlango ulikuwa wazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu, kaa. Kiti hicho kinayumba, egemea upande huu."

Alikaa. Alisema yeye ni fundi saa, ametoka safari ya siku mbili. Alitoa mfukoni kipande cha gazeti kilichokunjwa, akakinyoosha mezani kwa kiganja, taratibu, kisha akaweka kidole chini ya namba themanini na saba.

"Huyu."

Karani hakuhitaji kutafuta kadi yake. "Mtoto wa pili wa fundi cherehani. Alikuwa na miaka tisa. Unamfahamu?"

"Ni mimi."

Karani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Katika miaka yote hiyo alikuwa amewaza mengi yanayoweza kukosewa kwenye orodha, lakini hili hakuwahi kuliwazia.

"Alama gani ulikuwa nayo?" aliuliza, kwa sauti yake ileile ya chini.

Fundi saa alikunja mkono wa shati. Kovu la pasi ya mkaa lilianzia kwenye kiwiko. Akamtajia jina la dada yake la utani, namba ya darasa, na rangi ya mlango wa nyumba yao. Yote yalilingana na yaliyokuwa kwenye kadi.

"Basi nimshukuru Mungu," alisema Karani. "Nitakutoa leo hii."

"Hapana, mama. Hicho ndicho kilichonileta. Nimekuja kukuomba usinitoe."

Karani aliweka kalamu chini.

"Kule ninakoishi sina mtu. Mke hakukaa. Watoto hatukujaliwa. Nikifa, mwenye nyumba atashtukia tu kodi isipolipwa." Alicheka kidogo, peke yake. "Pale kwenye gazeti niko katikati ya dada yangu na mdogo wangu. Tangu nilipokimbia Jumanne ile sijawahi kukaa nao hivyo."

"Ungenyamaza tu. Mimi nisingejua."

"Ningenyamaza. Ila mlisema litachongwa kwenye jiwe. Nikaona angalau mtu mmoja ajue."

Karani hakumkaripia. Aliinuka, akatoa kadi tano za nyumba ile, akazipanga mezani kama anavyopanga mtu karata ambazo hana haraka ya kuzicheza. Kila kadi ilikuwa na mashahidi walewale wawili: mkunga na mchimba visima, waliozika wafu wa mtaa ule. Wote wawili walikwisha kufariki.

"Walizika watu watano," alisema. "Wewe uko hapa. Wa tano alikuwa nani?"

Fundi saa alitazama dirisha.

"Kijiti."

"Kijiti nani?"

"Tulimwita hivyo kwa wembamba. Mwana wa yule mama aliyeuza maji. Kazi yangu asubuhi ilikuwa kumzungushia baba gurudumu la cherehani, mkono wake ulikuwa unamuuma. Siku ile wenzangu walikuwa wanacheza mpira. Nikamwambia Kijiti, nishikie nafasi, nakuja sasa hivi. Akakubali. Alikuwa anapenda ile mashine." Alifuta midomo. "Mama yake nilisikia aliendelea kuuliza kila anayerudi mjini. Nisingeweza kumtazama usoni. Mwezi wa tatu niliambiwa amefariki. Ndiyo nikapanda gari."

Karani alimkumbuka mama muuza maji. Alikuja chumbani humu kila mwaka, akakaa kwenye kiti hicho kinachoyumba, na kila mwaka akajibiwa kwamba mtoto asiye na shahidi hata mmoja hawezi kuandikwa. Mara ya mwisho alisema, "Basi labda yu hai," akaondoka na furaha ambayo Karani hakuwa na namna ya kumnyang'anya.

Alitoa kanda mbili kabatini, akaziweka kwenye mashine moja baada ya nyingine. Sauti ya mkunga ilitoka ikikwaruza: "Nyumba ya fundi cherehani nilihesabu watano. Baba, mama, watoto watatu. Tuliwafunika kwa vitambaa vya wateja kabla ya kuwatoa. Sura hatukuzitazama, zisingetazamika." Mchimba visima alisema kifupi: "Watano." Kisha ikasikika sauti ya mwanamke kijana, yenye haraka: "Majina yao?" Mzee akajibu, "Majina si unayo wewe kwenye vitabu vyako, mwanangu?"

Mwanamke kijana yule alikuwa yeye.

Alisimamisha kanda. Sasa aliliona kosa lote, na halikuwa la mkunga wala la mzee. Wao walishuhudia idadi. Majina aliyajaza yeye, kutoka daftari la vizazi, kwa kuwa wenye nyumba walikuwa watano na maiti zilikuwa tano. Alikuwa amewadai wengine mashahidi wawili, na yeye mwenyewe akaandika bila hata mmoja. Alivuta droo, akaanza kuhesabu kadi zilizopigwa muhuri wa "nyumba nzima". Zote alizijaza hivyohivyo, na zilitoka nyumba kumi na tisa.

"Unahesabu nini, mama?"

"Makosa yangu." Alishika simu, akampigia fundi mawe. "Usichonge."

"Bibi! Nimekwisha piga mistari!"

"Ifute. Kuna nyumba kumi na tisa za kurudia."

"Kurudia na nani? Mashahidi wako si wameisha?"

"Hata mimi sijui." Alikata.

Kisha akamgeukia mgeni. "Jina lako nalitoa. Nisamehe, mdogo wangu. Siwezi kukuacha umelala pahali pa mtoto wa mwenzio."

Fundi saa aliinamisha kichwa, kama mtu aliyekuwa akilijua jibu tangu kituoni. "Basi mwandike Kijiti."

"Nina shahidi mmoja tu."

"Mimi hapa, kwa macho yangu, nilimwacha amekaa!"

"Wewe ni mmoja. Kwa sasa nitaandika, mtoto wa kiume, jina linatafutwa. Nitamtafuta wa pili."

"Asipopatikana?"

"Litabaki hivyohivyo."

Karani alidhani mtu yule angeinuka aende zake, na angekuwa na haki. Alitoa kadi mpya, ya mashahidi, akaandika juu yake jina alilolikata kwenye orodha. Fundi saa aliitazama. Ilikuwa peke yake mezani, mbali na zile nne.

"Kwa hiyo sasa nimetoka kabisa," alisema.

"Umetoka."

Karani aliweka kanda tupu kwenye mashine, akasogeza kipaza sauti karibu naye. Nje, mtu alikuwa akifagia ngazi za maktaba.

"Nieleze tangu asubuhi. Usiruke kitu, hata kama ni kidogo. Nani aliamka kwanza nyumbani kwenu?"

Fundi saa aliitazama kanda ikizunguka. Karani hakuisimamisha.

"Baba," alisema mwishowe. "Nilimsikia anakohoa. Halafu akaniita."