Bipu Apunguza Mwendo

Majirani walimwita Bipu kwa sababu ya muziki aliotunga kwenye kompyuta, wa sauti kavukavu kama za michezo ya video ya zamani. Mwendo alioupenda ulikuwa mmoja tu: mapigo mia moja na hamsini kwa dakika. Chini ya hapo, alisema, wimbo unaburuta miguu. Mkewe, fundi cherehani, alishonea chumbani humohumo, na wimbo ukishamkolea mguuni, gauni lilikwisha kabla chai haijapoa.

Kisha mapafu ya mkewe yakaharibika. Cherehani ikasukumwa ukutani, mahali pake ikaja mashine ya oksijeni iliyokoroma na kupuliza kutwa kucha. Daktari alimwita Bipu kando, akamwambia ajiandae. Bipu akayameza maneno hayo, asimwambie mkewe.

Wakati huo alikuwa na kazi mkononi: wimbo wa mchezo wa simu, wa panya wanaokimbizana. Alianza kwa mia na hamsini. Kila pigo liligongana na pumzi ya mashine. Akashusha hadi mia na kumi. Akashusha tena. Kwenye themanini vitu vyote vikatulia, naye akaumaliza asubuhi ileile.

Mkewe aliusikiliza macho kafumba.

"Mume wangu, hao panya wanakimbia au wanasindikiza maiti?"

Dada wa mkewe, aliyekuwa akimbadilishia mgonjwa shuka, alicheka, kisha akakosa pa kuuficha uso.

"Ndio mwendo ninaoupenda siku hizi," Bipu akasema.

"Mwongo. Umeifuata mashine." Akatafuta pumzi. "Unanizika ningali nasikia?"

"Daktari aliniambia…"

"Mimi aliniambia kabla yako. Nikakuficha, ukanificha. Ngoma droo. Sasa rudisha mwendo wako. Muuguzi ninaye, dada yangu huyu. Nataka mume."

Akarudisha mia na hamsini. Ulisikika vibaya, kama mvua ya mawe juu ya bati, lakini vidole vya mkewe vilianza kutembea juu ya shuka. Mchana kutwa alimtuma: punguza besi, hapo katikati pana kelele, rudia mwanzo. Bipu akarekebisha, mgongo kampa, kichwa kimezama kwenye kioo cha kompyuta. Alipouliza kama sasa imekaa sawa, hakujibiwa. Akadhani anafikiri. Akauliza tena.

Dada mtu akaingia na uji. Akaweka bakuli chini polepole.

"Shemeji, zima."

"Nizime mashine?"

"Zima vyote."

Baada ya matanga, mwenye mchezo akapiga simu. Panya wamependwa, akasema. Anataka wimbo wa hatua ya pili, mtamu vilevile. Bipu akaitikia. Akafungua ukurasa mtupu kwenye kompyuta. Programu ikajiwekea yenyewe mia na ishirini, kama ifanyavyo mtu asipochagua. Hakuibadilisha. Alikaa mbele yake mpaka shemeji yake akaja kumwambia chakula kimepoa.