Mugeni wa Sebarenzi

Baba yangu si mtu mbaya. Naanza na hilo ili nikisema yaliyobaki asitokee mtu kuniambia namchukia mzazi wangu. Raphaël ni mkulima wa Nyamitaba, kwenye milima ya Masisi, Muhunde mwana wa Muhunde, kabila la wenyeji, Mprotestanti asiyekosa ibada, na hajawahi kuchuma hata hindi moja la jirani. Na siku ile, kwa mdomo wake huo msafi, alimnyang'anya mama mkwe wangu shamba.

Mama mkwe wangu anaitwa Libérata. Watu humwita Mnyarwanda, ingawa Rwanda yenyewe hajaikanyaga. Walioletwa na Wabelgiji kuja kufanya kazi ni wazazi wake na wazazi wa marehemu mume wake, Sebarenzi. Babu yangu ndiye aliyempa babake Sebarenzi kipande cha kilima alime maharagwe, wakanywa pombe ya ndizi, yakaisha. Libérata alizaliwa ng'ambo ya kijito. Ukisimama mlangoni pake unapaona mahali penyewe.

Vita vilitukimbiza sote. Tuliporudi kutoka kambini, tulikuta shamba lake limejaa mihogo ya Barthélemy, hadi ukingoni mwa kaburi la Sebarenzi. Barthélemy naye alikuwa mkimbizi, vita vilimtoa kwao Kibua, huko Walikale. Najua alivyoteseka, na hilo halikunipunguzia hasira hata kidogo. Amefika Nyamitaba juzi, lakini kwa kuwa kabila lake ni "la hapa," yeye ni mwenyeji. Libérata, aliyezaliwa hapa na kuzeeka hapa, ndiye wa kujieleza.

Mume wangu, Nsengimana, yuko machimboni na simu haishiki. Kwa hiyo ni mimi niliyekwenda na mama yake kwenye baraza la kilima, uwanjani mbele ya shule. Mwenyekiti, Papa Luc, aliweka swali wazi. Kama babu yangu aliitoa ardhi ile moja kwa moja, ni ya Libérata. Kama alimwazima tu mgeni, inarudi kilimani, na kilima kinaweza kumpa Barthélemy. Shahidi aliyebaki hai ni mmoja tu, baba yangu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia asubuhi ile, "Papa, sema kweli tu." Nilikuwa na uhakika.

"Papa Raphaël," Papa Luc akaanza, "huyu mama unamujua?"

"Minamujua kama kiganja yangu."

"Na hapa munamuitaka nani?"

"Mugeni," akajibu baba, bila hata kufikiri. "Tangu siku bwana yake alimuingiza mu nyumba, njo jina yake. Hata bwana yake mwenyewe alimuitaka vile. Kila magaribi alikuwa anasimama pa mulango na kusema: 'Mugeni, nimefika!' Sisi wote tulikuwa tunasikia."

"Hata bwana yake!" mtu mmoja akarudia nyuma yangu, kwa furaha. Barthélemy akainamisha kichwa ili tusimwone anavyotabasamu. Tulimwona. Kuhusu babu na ardhi yenyewe hakuna aliyeuliza tena.

Kwa Kiswahili chetu mugeni ni mtu wa kuja, mtu asiye wa hapa. Kwa Kinyarwanda umugeni ni bibi harusi. Sebarenzi, mzee wa mvi na miguu iliyopasuka kwa matope ya milima hii, alimwita mke wake bibi harusi kila jioni mpaka tukamzika. Na kilima kizima kilisikiliza miaka yote hiyo kikidhani mtu anamwita mke wake mgeni!

Nikasimama. "Papa Luc, ile neno haiko ya Kiswahili! Sebarenzi alikuwa anasema Kinyarwanda. Njo kusema bibi harusi!"

"Mama Aurélie," akanijibu, kwa jina la mwanangu, "hapa tunaongea Kiswahili."

"Kiswahili yenyewe ilizaliwa Nyamitaba? Na mihogo ya Barthélemy, ilizaliwa hapa? Na Yesu munamuombaka kila siku ya Mungu, mama yake alikuwa wa Masisi?"

Watu wakacheka. Kucheka kwao kulinikasirisha kuliko uamuzi wenyewe. Nikawageukia mmoja mmoja.

"Ninyi wote muko na mama. Nani mama yake alizaliwa ku kilima hii? Papa Luc, wa kwako alitoka Kalembe. Papa Raphaël, wa kwako alitoka Kibua, kwa akina Barthélemy. Kila mama wa hapa alifika na nguo zake ku kichwa, akalia, akakaa, akawazala. Wote wageni! Mutawarudisha?"

"Wanawake wanaolewaka," Papa Luc akasema kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua. "Ile iko kintu ingine."

"Na yeye aliolewa! Njo ile neno yenyewe!"

Lakini Papa Luc alikuwa ameshasimama anapangusa suruali. Akatangaza kwamba Mama Nsengimana ni mgeni wa kilima na kilima kina moyo. Atabaki na nyumba yake, na shamba atalima Barthélemy, ila kaburi lisiguswe jembe. Wakapiga makofi. Waliiita huruma.

Libérata alikunja kitenge chake, akashika njia ya nyumbani, na mimi nikabaki njiani na baba. Nilimweleza tena lile neno, alilodhani uwanjani ni hila yangu ya kumtetea mkwe, kwa sauti iliyowafanya mbuzi waondoke kando ya barabara. Alinisikiliza akiwa ameshika kofia yake. Kisha uso wake ukabadilika, akarudi mbio uwanjani, yeye mwenye magoti mabovu. Alimkuta Papa Luc anafunga mzigo kwenye baiskeli yake. Akaambiwa ushahidi umeshatolewa, na ameutoa mwenyewe.

Jioni alikuja kwa Libérata na maziwa kwenye kibuyu. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kizingiti, anachambua maharagwe ya kupika. Mimi nilikuwa nawasha moto.

"Mugeni..." baba akaanza kwa mazoea, na neno likamkwama.

"Ile jina iko ya Sebarenzi," Libérata akasema bila kuinua macho. "Nilikuachilia uikamate, kaka Raphaël, juu nilifikiri unajua maana yake. Nilikuwa ninacheka ndani ya roho. Ninasema, angalia huyu Muhunde, kila asubuhi ananiita bibi harusi mbele ya bibi yake."

"Unisamehe."

"Niite jina yangu, kiisha uombe."

Baba akajaribu. "Mama Nsengimana..."

"Ile iko ya mutoto wangu."

"Bibi ya Sebarenzi..."

"Ile iko ya bwana yangu. Ulisema unanijua kama kiganja yako. Kwa ile neno walikamata shamba. Niite."

Baba akautazama mkono wake uliobeba kibuyu, kisha akanigeukia mimi, binti yake, niliyeolewa katika nyumba ile na kuwazalia watoto. Yeye husali kwa Waprotestanti, mama mkwe kwa Wakatoliki, hata jina lake la ubatizo hakuwahi kulisikia likisomwa kanisani. Miaka yote hiyo walipeana moto, mbegu na wagonjwa wa kubeba, na hakuwahi kumwuliza jina lake.

Macho yake yaliniomba. Jina lilikuwa pale mdomoni mwangu, zima, jepesi kulitamka. Nikainama nikapuliza moto, na sikumpa.