Mkono wa Sindano Moja

Mwalimu alisokomeza kitambaa kwenye upenyo wa chini ya mlango, akafunga dirisha, kisha akaweka beseni kubwa jeupe mezani. Ndani ya beseni kulikuwa na sanduku tupu lenye mlango wazi na kopo la plastiki, na ndani ya kopo, juu ya kipande cha gome la mti, alitulia tarantula, buibui mkubwa ambaye mgeni wake alikuwa amemfuata.

"Sharti langu unalijua," alisema. Alifundisha baiolojia mpaka akastaafu, na sasa alikuwa akiuza buibui katika chumba cha nyuma cha nyumba yake. "Wa aina hii simkabidhi mtu mpaka nimwone akimhamisha mwenyewe, mbele yangu."

"Nalijua, Mwalimu."

Mgeni alikuwa muuguzi, na wodini walimwita Sindano Moja. Kwa miaka kumi na tisa aliwauguza watoto wachanga, na mshipa mwembamba kama uzi aliupata kwa mchomo wa kwanza. Wenzake walitania kwamba mtoto hukumbuka kulia akiwa ameshabandikwa plasta. Lakini kwa miezi miwili sasa mkono wake wa kulia ulikuwa ukimfanyia vituko. Alisingizia kahawa, akaiacha. Akasingizia uchovu, akachukua likizo. Wiki iliyopita alimchoma mtoto mmoja mara tatu, mama mtu akageukia ukutani asione, naye muuguzi akamdanganya kwamba mtoto ana mishipa migumu. Uongo ule ulikuwa bado ukimsuta.

Ndiyo maana alikuja. Mkono ukiweza kumhamisha buibui huyu, basi ni mzima, na kesho angeingia zamu kama kawaida.

Mwalimu alikuwa amempandisha ngazi taratibu. Miaka minne iliyopita alimpa wa kuanzia: jike mzito, mkaa chini, mwenye mwendo wa bibi harusi. Wa pili alikuwa mwepesi wa hasira na alirusha manyoya ya kuwasha, akamzoesha kuvaa glavu na kuweka uso mbali. Huyu wa tatu alikuwa wa mitini. Manyoya ya kuwasha hakuwa nayo. Alikuwa na mbio, na sumu ya kumgaragaza mtu mzima kwa siku kadhaa.

"Mguse mguu wa nyuma tu," Mwalimu alisema, akimpa brashi laini yenye mpini mrefu. "Sanduku lake liko mbele yake, ataingia mwenyewe."

Muuguzi alifungua kifuniko, akaingiza brashi. Hata kabla haijamgusa, buibui aliinua miguu ya mbele. Ncha ya brashi ilikuwa ikigonga gome, kidogo kidogo, bila kukoma. Alikaza vidole. Ikazidi kugonga.

"Hebu subiri," Mwalimu alinong'ona.

Buibui hakuwa tena kwenye gome. Alikuwa juu ya mpini, katikati ya safari ya kuelekea vidole vyake, na yeye hakuona hata hatua moja. Akiachia brashi, mnyama angekimbilia popote. Asipoiachia, kila mtetemo ungezidi kumchokoza.

"Laza mkono kwenye ukingo wa beseni. Uegemeze wote."

Aliulaza. Mpini ukatulia. Mwalimu akasogeza kopo jingine tupu polepole mbele ya buibui, akangoja, akangoja tena, mpaka miguu yote minane ikaingia. Kifuniko kikafungwa.

"Kutetemeka huku kulianza lini?" Mwalimu aliuliza bila kumtazama.

Kisingizio cha kahawa kilimfika kwenye ncha ya ulimi, akakimeza. "Miezi miwili."

"Na yule buibui wako wa kwanza hajawahi kushtuka ukimgusa?"

"Hapana."

"Yule huvumilia." Mwalimu alitoa rafuni kopo dogo. "Huyu ni wa aina ileile, bado mchanga. Mchukue. Halafu kesho kamwone daktari, mama."

Muuguzi aliona aibu, na chini ya aibu ile akakuta nafuu ambayo hakuitarajia.

Nje ya geti alisimama na kopo kwapani, akampigia simu muuguzi mpya wa zamu yake.

"Kesho njoo mapema, mdogo wangu. Sindano utachoma wewe."

"Mimi, dada? Mbona wewe upo?"

Kifuniko cha kopo kilikuwa kikigongagonga ubavuni mwake. Ndani, yule buibui mdogo alikuwa ametulia tuli.

"Nipo," alisema. "Nitakushikia mtoto."