Fimbo ya Mita kwenye Keria

Umakant alirudi nyumbani Kisutu kiwiko kimevimba, akamwambia mkewe kwamba amejigonga kwenye kabati la dukani. Bharti aliutazama mkono wa shati, akaona mchirizi wa rangi nyekundu, akamuuliza hilo kabati lilikuwa linaelekea wapi.

"Kariakoo," alisema Umakant, na siri ikaishia hapo.

Tangu waoane, Umakant alikuwa akienda kwenye duka lake la vitambaa Mtaa wa Uhuru kwa baiskeli, akipitia Mnazi Mmoja, na ukitaka kumkera mtajie teksi. Safari hii Bharti alisema baiskeli iuzwe. Umakant akajibu kwamba kile kioo cha gari kilichomgonga kilikuwa bahati mbaya tu. Madereva wa Bongo wanampisha vizuri, wengine hata humpa shikamoo. Walibishana mpaka chapati zikapoa. Mwishowe wakakubaliana nafasi anayoachiwa na magari ipimwe, kwa sababu muuza vitambaa ukibishana naye sana ataishia kuchukua fimbo ya mita.

Ilikuwa fimbo ya chuma. Umakant aliifunga kwenye keria kwa mpira, ikachomoza upande wa kulia, yanakopita magari, na ncha yake akaipaka chaki ya fundi cherehani. Wiki nzima, chaki ikifutika au fimbo ikipinda, baiskeli inauzwa. Ikibaki salama, Bharti anafunga mdomo na habari hiyo hairudiwi tena.

Kila jioni Bharti alivaa miwani akaikagua ncha. Chaki ilikuwa palepale. Siku moja fimbo ilirudi na magauni matatu ya watoto yakining'inia, maana Kariakoo kitu kikichomoza tu, mtu ameshatundikia biashara. Umakant alisema alisimama kununua ndizi, na alipogeuka kuna mama alikuwa anamuuliza bei. Walikubaliana kwamba gauni si gari, na kesho yake akayarudisha.

Wiki ikaisha, Umakant akashinda. Kichwa kilimvimba kuliko kile kiwiko. Alimpigia simu binti yao Tanvi, aliyeolewa Arusha, kumweleza kwamba mama yake ameshindwa kihalali. Bharti akafa kiofisa. Akakanda unga wa chapati kama kawaida, ila rohoni hakuamini hata kidogo.

Jumatatu aliikuta fimbo nyuma ya mlango. Kipimo kimekwisha, kwa hiyo bwana alikuwa ameifungua, kisha akasahau kwamba dukani anaihitaji. Bharti akaichukua, akasimamisha bajaji.

"Shikamoo mama," alisema dereva, kijana aitwaye Khalfani.

"Marahaba. Nipeleke Mtaa wa Uhuru."

Aliilaza fimbo mapajani, na ncha ikachungulia nje. Hawajafika mbali, gari moja jeupe lililokuwa linawabana likakwepa ghafla, na dereva wake akatoa kichwa. "Mama, angalia hicho chuma, utanichuna rangi!" Pikipiki nayo ikajitenga. Kila aliyekuja alikitazama kile chuma kwanza, akaenda zake mbali.

Bharti akaelewa. Hawakuwa wakimpisha Umakant hata siku moja. Walikuwa wanaionea huruma rangi ya magari yao. Akaivuta fimbo ndani.

Penye Mnazi Mmoja aliuona mgongo wa mumewe mbele yao, shati la bluu alilompigia pasi asubuhi hiyo. Khalfani akapiga honi, akapita. Bajaji ilimpitia Umakant karibu kiasi kwamba Bharti angeweza kumkunjia kola bila kunyoosha mkono. Baiskeli iliyumba. Umakant alikuwa ameuma meno, macho mbele, mabega ameyavuta mpaka masikioni, wala hakugeuka kuangalia ni nani. Alikuwa anaogopa, tena kwa uzoefu. Kwa miaka yote ya ndoa Bharti hakuwahi kuuona uso ule nyumbani, na ulimuuma kuliko kama angemwona analia.

"Umempitia karibu mno," alimwambia dereva.

"Nani, yule mzee?" Khalfani alitazama kwenye kioo. "Aa, mama, nafasi ilikuwa kibao."

Umakant alimkuta dukani, amekaa kwenye kiti chake. Alijifuta jasho, akavaa ule uso wa nyumbani.

"Wamekupisha leo, baba Tanvi?"

"Kama kawaida. Kwa heshima zote."

Ukweli ulimjaa Bharti mdomoni. Lakini alimjua mtu wake: akiutoa, watabishana mpaka Diwali, na siku zote hizo atakuwa barabarani bila fimbo. Akaumeza.

"Mimi sijaridhika," alisema. "Wiki moja haitoshi. Endelea kupima."

"Si tulikubaliana, mama Tanvi?"

"Tulikubaliana, ila sijaridhika. Pima mwaka mzima. Ya dukani utanunua nyingine."

Alijikaza kusubiri mabishano. Hayakuja. Umakant aliichukua fimbo, akatoka nayo mpaka kwenye baiskeli, akaanza kuifunga kwenye keria, mpira raundi ya kwanza, raundi ya pili, halafu akafungua yote akafunga upya kwa kukaza zaidi.

"Kama hujaridhika," alisema bila kuinua macho, "basi itabidi."