Neno Zito la Mokami

Operesheni Vijiji ilipokwisha kuwatawanya watu wa Tarime na Serengeti, parokia ilimpa karani wake Selestine kazi ya kuwatafuta waliopotezana. Kila aliyehamishwa alikuwa na kadi yenye maneno ya kumweleza. Ndugu akija kuulizia, Selestine alihesabu maneno yanayolingana. Kadi iliyopata mengi ndiyo aliyoiamini.

Mokami alikuwa akimtafuta Matiko, mwanawe wa pekee. Ugonjwa wa tumbo ulikuwa unammaliza, naye alitaka mwanawe ndiye amzike, si majirani wa kijiji kipya asiowajua vizuri. Kwa Selestine alimtaja hivi: Matiko, Mkurya, mrefu, mweusi, mfugaji. Kadi moja kutoka kijiji cha Susuni ililingana kwa kila neno. Mama wa watu akaenda kwa miguu, akamkuta mwanamume mpole, mtoto wa mtu mwingine.

Aliporudi miguu imevimba, Selestine aliona haya kumtazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Matiko wako si wangu."

Selestine alitandaza kadi mezani, akauona upumbavu wake. Warefu, weusi, wafugaji, hao walijaa kila mahali kama nzi wa zizini. Neno walilo nalo wote litamtafuta nani?

"Mama, mwanao ana nini ambacho wenzake hawana?"

Mokami akainama. Kwa wachunga ng'ombe jambo lile lilikuwa aibu ya nyumba, na alilificha makusudi.

"Hanywi maziwa," alisema hatimaye. "Tangu mdogo. Watu husema nyumba yetu ina mkosi."

Selestine akageuza hesabu yake. Neno lililo kwenye kadi nyingi akalihesabu punje. Lililo kwenye kadi moja, gunia. Kadi iliyopanda juu ilitoka Ringwani: Tomaso, fundi seremala, hanywi maziwa. Hakikulingana kitu ila ukabila, urefu na hayo maziwa. Kwa hesabu ya zamani asingeigusa.

Alituma ujumbe kwa lori la pamba. Matiko, aliyebatizwa Tomaso huko ugenini na kuachana na ng'ombe, alikuja mara moja.

Mokami hakulia. Alimshika mwanawe mkono, wakatembea polepole, wakipumzika njiani, mpaka kwenye mahame yao yaliyoota nyasi.

"Hapa," alisema, akionyesha kando ya nyumba iliyobomolewa.

Mwanawe akaokota mawe, akaweka alama ya kaburi.